Mtaa wa zamani au mtaa mpya: fleti ninunue wapi?

Msaka Nyumba: Ndugu zangu, nipo mbioni kununua fleti ya vyumba viwili, na nimebaki na mitaa miwili inayotenganishwa na barabara kuu tu. Mtaa wa zamani bei zake hazitikisiki. Mtaa mpya unajengwa kwa kasi, na wauzaji wanakubali kupunguza. Mnanishauri upi?

Karani wa Hati: Hujasema unanunua ili ukae au upangishe, wala kama unalipa taslimu au kwa mkopo. Bila hayo, majibu yetu yatakuwa ramli. Anayepangisha huchukua kodi ya mwaka, akaondoa matengenezo na miezi ambayo fleti itakosa mpangaji, kisha akagawanya kwa bei ya kununulia. Na mtaa ghali mara nyingi hushindwa katika hesabu hiyo.

Mama Pango: Mimi nasimama na mtaa wa zamani. Viwanja vimekwisha, kwa hiyo hakuna atakayeinua ghorofa jipya mbele yako na kukunyang'anya wapangaji.

Wa Ghorofa ya Nne: Viwanja vimekwisha, na mabomba nayo yamechakaa. Nilinunua katika jengo la aina hiyo, na muuzaji alinificha kwamba mfuko wa matengenezo ulikuwa mtupu. Mwaka haukuisha, bomba la majitaka likapasuka ndani ya ukuta. Rangi ya sebuleni ikavimba, kisha ikabanduka pamoja na plasta. Kila mwenye fleti alitakiwa kuchangia papo hapo, baadhi wakagoma, fundi akaondoka na ukuta ukabaki wazi. Kabla ya kulinganisha bei, dai hesabu za jengo na mihtasari ya vikao vya wamiliki.

Mpima Bei: Bei ipi hiyo? Ya tangazo siyo ya mauzo. Wastani nao huvutwa juu na nyumba chache za kifahari. Tafuta bei ya katikati kwa mita ya mraba, yaani ile ambayo nusu ya mauzo yako juu yake na nusu chini yake.

Mama Pango: Palipo na mauzo machache, hata hiyo ya katikati hurukaruka. Mimi hutazama tangazo limekaa muda gani bila mnunuzi.

Msaka Nyumba: Nitakaa mwenyewe kwanza, baadaye nipangishe. Sehemu kubwa ni mkopo wa riba inayobadilika.

Karani wa Hati: Hilo ndilo ungeanza nalo. Je, fleti za mtaa mpya zina hati zake, au zote bado zimo ndani ya hati moja ya kiwanja? Benki inaweza kuikataa fleti isiyo na hati yake kuwa dhamana.

Msaka Nyumba: Dalali anasema hati zinashughulikiwa.

Wa Ghorofa ya Nne: Na hesabu za jengo la zamani, umeonyeshwa?