Diski ya akiba inakataa kufutiwa mafaili ya zamani

Mpiga picha, Majengo
Assalaam alaykum. Nina studio ndogo ya picha hapa Majengo, Mombasa, na picha zote za harusi huziweka akiba katika diski ya nje. Diski imekaribia kujaa, nami nataka kufuta harusi za 2015 na 2016 ambazo wenyewe wamekwisha kuzichukua, lakini tangu nilipobadilisha kompyuta, zote mbili zikitumia Ubuntu, kila faili ninalojaribu kulifuta huniambia kwamba sina ruhusa. Faili moja nimelipa ruhusa zote kwa `sudo chmod 777`, na bado halifutiki. Naogopa kubahatisha zaidi, kwa kuwa humo mna picha za wateja ambazo hazipo kwingine.

Fundi, Kisauni
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Katika Linux, ambayo Ubuntu ni aina yake mojawapo, kufuta faili ni kuliondoa jina lake katika orodha ya folda, kwa hiyo ruhusa inayotazamwa ni ya folda iliyolibeba wala si ya faili lenyewe. Ndiyo maana 777 yako haikufaa kitu. Tena mwenye faili huandikwa diskini kwa namba, si kwa jina. Andika `id -u` uone namba yako, kisha `ls -ldn` na njia ya folda, yaani anwani ya mahali ilipo diskini, uone namba ya mwenye folda. Zikitofautiana, ifanye folda na vilivyomo viwe vyako kwa `sudo chown -R $USER:` ukifuatisha njia ya folda ya zamani pekee, usiguse diski nzima. Nakusihi usikimbilie `sudo rm -r`, amri ya kufuta folda na vyote vilivyomo kwa mamlaka ya msimamizi, maana kosa dogo katika njia litaondoka na harusi ya mtu.

Mwalimu wa kompyuta, Likoni
Usome pia ujumbe wa kosa neno kwa neno. Ukisema diski ni ya kusomwa tu, `chown` haitasaidia: huenda mfumo umegundua hitilafu ukaizuia diski isiandikwe, na hapo nakili kwanza picha unazozihitaji kwenye diski nyingine.

Mpiga picha, Majengo
Shukrani sana. Namba yangu ni 1000 na ya folda ni 1001, kwani katika kompyuta ya zamani mdogo wangu ndiye aliyesajiliwa kwanza. Nimebadilisha folda ya 2015 peke yake, na mafaili yaliyomo yamefutika. Folda tupu yenyewe imekataa kuondoka, na sasa naelewa kwa nini: folda iliyoibeba bado ni ya 1001.