Gumzo la Familia: Ute Mweupe Chini ya Kifuniko cha Oili

Zubeda (Lushoto), Alhamisi, saa 12:40 jioni
Baba Mdogo, shikamoo. Wengine wote, habari za jioni. Leo nimefungua kifuniko cha kuongezea oili kwenye injini ya gari langu nikakuta chini yake ute mweupe, mzito kama mtindi. Fundi aliyeuona anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, na anataka kesho aifungue hedi. Gharama aliyoitaja inakaribia mshahara wangu wa mwezi, ndiyo maana ninauliza kabla sijakubali.

Baba Mdogo (Tanga), saa 12:58 jioni
Marahaba, mwanangu. Usikubali kwanza. Weupe huo ni oili iliyochanganyika na maji, na hapo fundi hajakosea, lakini maji hayo yanaweza kuwa yamevuja kutoka kwenye mfumo wa kupoza injini kupitia gasketi hiyo, ambayo ni kizibo kati ya hedi na bloku ya injini, au yakawa ni jasho la injini yenyewe. Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, chomoa kijiti cha kupimia oili, ukifute, ukirudishe, kisha ukichomoe tena na ututumie picha. Tazama pia kiwango cha maji kwenye chupa ya akiba. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto.

Salim (Dar es Salaam), saa 1:15 usiku
Dada Zubeda, pole. Gari langu lilipozama kwenye maji ya mafuriko, kijiti kizima kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na oili ilikuwa imepanda kupita alama ya juu. Ukiona hivyo, usiliwashe kabisa.

Baba Mdogo, saa 1:22 usiku
Salim amesema kweli. Oili iliyojaa maji haiwezi kuzitenganisha beringi na krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na injini ikizunguka katika hali hiyo huanza kujila yenyewe.

Zubeda, Ijumaa, saa 12:20 asubuhi
Oili kwenye kijiti ni ya kahawia, safi, na haijazidi alama ya juu. Maji kwenye chupa yako palepale nilipoyajaza mwezi Machi.

Shangazi Mwanaidi (Korogwe), saa 12:31 asubuhi
Kama ndani ni safi, kwa nini uchafu ukusanyike kwenye kifuniko peke yake?

Baba Mdogo, saa 12:45 asubuhi
Dada, ni kama mfuniko wa sufuria ya wali. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa mvuke ambao ukipoa unakaribia lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi, lakini kiasi kidogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, mvuke huo hufukuzwa. Isipopata, hupanda juu, hukutana na kifuniko ambacho ni cha baridi, na hapo hugeuka matone. Zubeda, shuleni kwako ni kilomita ngapi? Na mshale wa joto hufika wapi?

Zubeda, saa 12:52 asubuhi
Ni kilomita tatu tu, na asubuhi za Julai huku kwetu ni za baridi kali. Mshale haunyanyuki vizuri hata nikifika. Sasa nimekumbuka jambo: mwezi Januari, nikitoka Tanga, gari lilichemsha kwa sababu ya mpira wa maji uliopasuka, na fundi aliyebadilisha mpira ule aliondoa kidude fulani akasema katika nchi ya joto hakihitajiki.

Baba Mdogo, saa 1:05 asubuhi
Hicho ni themostati, na jambo hilo linaniumiza kila ninapolisikia. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 82 hivi, kutegemea aina ya gari. Ukiiondoa, injini hupozwa tangu dakika ya kwanza, na kwa mwendo wa kilomita tatu katika baridi ya Lushoto haitapata moto kamwe. Hata hivyo gari liliwahi kuchemsha, kwa hiyo gasketi tusiiamini bila kuipima. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, mtu aliwashe gari, nawe utazame kama mapovu yanatoka mfululizo, maana hiyo ni dalili ya gasketi kuvuja. Kisha pasha kijiko cha zamani kwenye jiko, udondoshee tone moja la oili ya kwenye kijiti. Yenye maji hutatarika.

Zubeda, saa 11:10 jioni
Nimefanya yote. Mapovu mawili matatu yalitoka mwanzoni, kisha maji yakatulia. Tone la oili lilitoa moshi kimya kimya, lakini ule ute wa kwenye kifuniko ulitatarika kama kitunguu kwenye mafuta. Moshi wa ekzosi hauonekani tena injini ikishapata moto.

Baba Mdogo, saa 11:25 jioni
Basi hedi isifunguliwe. Weka themostati mpya, badilisha oili pamoja na chujio, futa kifuniko, na kila wiki shuka Mombo urudi, kwa sababu ule mlima wa kurudi ndio utakaoipasha injini ipasavyo. Bandika utepe kwenye chupa ya maji usawa wa leo. Maji yakishuka chini ya utepe huo bila kuona yanakovujia, nipigie simu siku hiyohiyo, na hapo tutaizungumzia gasketi upya.

Zubeda, Jumapili, saa 10:05 jioni
Nimerudi kutoka Mombo sasa hivi. Mshale umesimama katikati njia nzima, kifuniko kina unyevu mwembamba usio na weupe, na maji yako sawa na utepe.