Binti ana usaili wa chuo cha muziki, kila nikijaribu kusaidia naharibu. Wazazi mliopita huku nishaurini

mama_chelo:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina binti wa miaka 17, anapiga chelo (ile kama fidla kubwa, unapiga umekaa) toka ana miaka minane, na sasa kaamua liwalo na liwe anataka chuo cha muziki, kozi nyingine hataki hata kuisikia. Kaomba vyuo vitano. Viwili vilitaka kwanza utume video ndo wakuite, kapita vyote viwili, sasa tumefika kwenye usaili wenyewe wa ana kwa ana na wa kwanza ulikuwa wiki iliyopita.

Shida ni mimi. Muziki sijui, noti hata moja siwezi kusoma, ila nimemsikiliza miaka tisa nikiwa naosha vyombo kwa hiyo akikosea nasikia. Usiku wa kuamkia usaili alikuwa anarudia kale kasehemu ka kasi nikapiga kelele toka jikoni "hapo bado hapajakaa sawa". Hakujibu, akafunga chelo kwenye begi lake akaenda kulala. Kesho yake akaingia, dakika kumi katoka, nikamuuliza imekuwaje akasema wamenikatisha katikati. Mimi na mdomo wangu nikasema "mh, ulikosea nini?"

Jamani. Saa mbili na nusu ndani ya gari hakunisemesha. Jana ndo kaniambia usaili unaofuata heri asindikizwe na baba yake mdogo.

Imebaki minne na wa karibu una siku kumi na moja. Mzazi kazi yake hasa ni nini huku? Na hilo la kukatishwa ndo keshafeli?

fundi_upinde:
Pole dada. Hilo la kukatishwa nakujibu mimi kwa sababu nimewahi kukaa upande wa pili wa ile meza.

Kukatishwa si kufeli. Kila mtoto ana kama dakika kumi hadi kumi na tano, na humo wanataka kusikia vipande viwili vitatu vya enzi tofauti, pengine skeli (noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio), pengine wampe karatasi ambayo hajawahi kuiona aisome papo kwa papo, halafu wamuulize maswali kidogo. Konchato moja tu (kipande kirefu cha mpigaji mmoja na okestra) ikipigwa yote muda wote umeisha. Kwa hiyo wanasikiliza mwanzo, wanasema asante turukie ukurasa wa nne, wanaenda kipande kingine. Ubora wa sauti, kama noti zimekaa mahali pake, mapigo, hivyo unavijua mapema sana, kinachobaki unaangalia huyu mtoto anafundishika? Wengine tunawaambia rudia hapo ila taratibu zaidi, tuone anabadilika au anapiga vilevile. Mwambie mwalimu wake amzoeshe kukatishwa, awe anamsimamisha popote na kumwanzisha popote.

Na kingine watu hawakijui, nafasi zinategemea na chombo. Okestra ya chuo ikiwa na wapiga chelo wa kutosha mwaka huo, wanachukua wawili watatu basi, hata waje kumi wazuri. Mtoto akikosa asidhani kaambiwa hajui.

baba_wa_tarumbeta:
"ulikosea nini" 😂😂 pole mama, usijali mimi nilisema mabaya zaidi ya hayo siku ya kijana wangu wa kwanza, siandiki hapa.

Kwa huyu wa pili nilijipa cheo cha hamali. Kubeba, kuendesha gari, kushika makaratasi. Kuhusu muziki sina maoni mpaka niulizwe na sikuulizwa lol. Ila uhamali huu si mdogo usiudharau maana kila chuo kina tarehe yake na masharti yake na mtoto hawezi kufanya mazoezi na kufuatilia yote hayo. Vile vya Uingereza vingi maombi yanapita UCAS Conservatoires (mfumo wao wa mtandaoni wa kuomba vyuo vya muziki) na dedilaini ya muziki ni mwanzoni mwa Oktoba, yaani karibu mwaka mzima kabla hajaanza masomo, ukingoja Januari kama vyuo vya kawaida umeachwa. Juilliard, kile chuo cha New York, wao ni tarehe 1 Desemba na video inaenda na maombi. Mimi nilibandika karatasi kubwa kwenye mlango wa friji, chuo, tarehe, vipande wanavyotaka (maana havifanani!! huyu anataka etyudi, vile vipande vya mazoezi, mbili huyu moja), nani analeta mpiga piano wa kusindikiza, wao au nyie. Hilo la mpiga piano ulizia mapema mno. Sisi sehemu moja tulidhani watampa, tumefika mlangoni hakuna.

Kwa chelo beba nyuzi za akiba, rozini ya kupaka upinde, nakala za noti hata kama kazikariri, na kile kizuizi cha sakafuni maana vyumba vingine sakafu inateleza na chuma cha chini kinakimbia huku mtoto anapiga. Fikeni saa nzima kabla. Mikono ikiwa ya baridi hakuna muujiza utakaotokea mle ndani. Mkisafiri kwa ndege chelo inakatiwa kiti chake kabisa kama mtu, piga simu kwanza shirika la ndege, usiende kubishana getini.

Mkweli_Daima:
Mimi nitauliza ambalo wengine mnaogopa. Mwenye uzi umemkalisha huyo mtoto mkaongea asipopata hata kimoja? Vyuo vitano vyote vya muziki mtupu, hakuna hata kimoja cha kawaida chenye idara ya muziki ambapo anaweza kusoma na kitu kingine? Ndoto nzuri lakini ada ipo na atakula nini baadaye

kinanda_cha_zamani:
@Mkweli_Daima swali lako la maana ila siku kumi na moja kabla ya usaili si wakati wake, hilo linaongelewa kabla ya fomu kujazwa. Na suala la ada si vyuo vyote sawa, chuo cha Curtis kule Philadelphia toka 1928 kila anayechukuliwa halipi ada ya masomo, ndo maana kuingia ni kazi. Wengine wanatoa ufadhili kwa kuangalia alivyopiga hiyo siku. Kwa hiyo usaili uleule unaweza kuwa ndo wa ada pia.

Mama, mimi nimepita nikiwa huyo mtoto. Kitu kimoja nilichokihitaji ni nyumba ambayo naweza kupiga vibaya bila mtu kusikia. Mazoezi ni kupiga vibaya mara arobaini, ndo kazi yenyewe. Ukimwambia hapo hapajakaa sawa yeye keshajua, ndo maana yuko pale, sasa umemwambia tu kwamba kuna mtu anahesabu.

Akitoka usimuulize imekuwaje. Mama yangu alikuwa ananiuliza "una njaa?" basi. Nikitaka kusema nilisema mwenyewe, mara nyingine baada ya siku mbili.

Unachoweza kumsaidia kweli, mkusanyie watu sebuleni, majirani, mashangazi, yeyote, awapigie programu yote bila kusimama akiwa amevaa nguo na viatu vilevile vya siku hiyo. Mimi nilikuwa napanda ngazi mbio kwanza ili moyo uende kasi halafu nakaa napiga, kwa sababu siku yenyewe moyo utaenda kasi tu na upinde utatetemeka, heri uuzoee nyumbani.

sopranino88:
kuna kidonge wanamuziki wanakunywa mikono isitetemeke, wangu alipewa na rafiki yake kikasaidia sana

fundi_upinde:
@sopranino88 hapana, hapana. Unaongelea propranolol, ni dawa ya moyo na presha, inatolewa na daktari baada ya kumpima huyo mtu mwenyewe. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Cha kupewa na rafiki mlangoni mwa usaili usikiruhusu. Kama hofu imezidi muone daktari wiki kadhaa kabla.

mama_chelo:
Nimesoma yote mara mbili mbili. @Mkweli_Daima umenikera lakini umenikera kwa haki, hatukuongea. Tutaongea vikiisha hivi. @kinanda_cha_zamani hilo la kuhesabu nililia kidogo.

mama_chelo:
Nimerudi kuleta mrejesho. Tumetoka usaili wa pili jana.

Wiki nzima akipiga mimi natoka nje, nimepalilia bustani mpaka haina jani. Jumamosi nikaita majirani, sita walikuja, mmoja alisinzia, binti akasema afadhali maana majaji nao watasinzia. Baba yake mdogo alipata dharura kwa hiyo nikaenda mimi, nimebeba begi, nimekaa koridoni nikitazama viatu vya wazazi wengine, wote tuko kimya kama msibani. Alivyotoka uso sikuuelewa. Nikamuuliza una njaa? Akaniangalia akasema "nani kakufundisha hiyo". Tukaenda kula.

Ya mle ndani kaanza kuyasema mwenyewe tukiwa karibu na nyumbani, ile ya kusoma papo kwa papo kaharibu, alianza mbio mno, kipande kikubwa kaona kimetoka. Nilikuwa na maswali kama kumi na mbili, nimeyameza yote, koo linauma. Majibu ni baada ya wiki sita. Kasema imeili atafungua yeye akiwa peke yake, nimekubali.

Sasa swali dogo, kile kizuizi cha sakafuni tumekisahau kulekule kwenye chumba cha mazoezi na keshokutwa tuna usaili mwingine, kipya hakitafika. Kuna njia?

baba_wa_tarumbeta:
Mkanda wa suruali. Uzungushe kwenye mguu wa mbele wa kiti anachokalia, ncha ya chuma ikae kwenye tundu la mkanda. Nimeona mtoto mmoja kafanya hivyo koridoni na akaingia nao. Ajaribu leo nyumbani apate urefu.

mama_chelo:
Kachukua wa baba yake mdogo. Unashika 🙏