Tupeane uzoefu: matete, mikoko, ngitili, majani ya matuta... nini kiliwakinga siku maji yalipokuja?

MtotoWaBondeni
Wakuu, habari za jioni. Masika yanakaribia, na kila yanapokaribia mimi usingizi unapungua. Nimeona nifungue uzi huu tusikilizane.

Nilikulia bonde la Msimbazi, upande wa Jangwani. Baba alinunua kiwanja pale kwa sababu bei ilikuwa nafuu na Kariakoo unafika kwa miguu. Nikiwa mdogo, kati ya nyumba yetu na mto kulikuwa na matete marefu kuliko mtu mzima, na mbele yake bustani za mchicha na matembele. Mvua kubwa ikinyesha huko Pugu na Kisarawe mto ulijaa, maji yakatambaa ndani ya matete, yakalala humo siku mbili tatu, yakaenda zake. Sisi tulivua viatu tukavuka kwenda shule.

Baadaye matete yakafyekwa, kifusi kikamwagwa, nyumba zikasogea. Na sisi pia tulisogea: baba alijenga vyumba viwili vya kupangisha upande wa mto. Tarehe 20 Desemba 2011 maji yalipanda hadi kwenye lenta. Mimi na wadogo zangu tulikaa juu ya bati la jirani toka asubuhi mpaka jioni. Watu zaidi ya 40 walikufa mjini siku zile, na wengi wetu tulihamishiwa Mabwepande. Nimewaza sana tangu hapo. Yale maji yalikuwa yanatafuta pale yalipozoea kulala, na pale ndipo tulipokuwa tumejenga chumba cha wapangaji.

Naomba kila mwenye kisa aeleze: ni wapi, palikuwa na nini, kikatokea nini, na kama mlirudisha mlichokata, mlirudishaje. Waliojaribu wakashindwa nao waseme, tena hao ndio nawataka zaidi.

MkwajuMmoja
Pole sana mkuu. Nafuatilia.

KusiniKwale
Hamjambo wote. Mimi ni wa Kwale, jirani na Gazi. Kwetu mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970, magari yalikuja kubeba kuni za viwandani. Mama yangu husimulia kwamba ulisimama nyumbani ukaiona bahari wazi, jambo ambalo bibi yake hakuwahi kuliona. Watu walifurahia upepo. Halafu kusi lilipovuma mchanga ukaanza kuliwa, minazi ya babu ikaanguka mmoja baada ya mwingine, mizizi juu. Mstari wa kwanza wa minazi ninaoukumbuka mimi leo uko majini.

Kupanda upya kulianza miaka ya 1990 na watafiti wa bahari wakishirikiana na wanakijiji, wengi wao kina mama. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117 hivi za mikoko zinalindwa na kijiji, wanaotaka kufidia hewa ya ukaa wanayotoa hulipia ile inayohifadhiwa humo, na pesa zinakwenda kwenye maji ya bomba na shule. Lakini nataka niseme kitu ambacho wageni wakija hawakitilii maanani. Kilichosaidia sana ni mivinje. Ilipandwa nchi kavu ili mtu akitaka nguzo za kujengea asiende kukata mikoko. Ukimkataza mtu boriti bila kumwonyesha pa kupata nyingine, atakwenda usiku na shoka lake, na mimi siwezi kumlaumu, ana watoto wa kulaza.

Mahali palipopona ukiingia sasa unasikia kimya. Wimbi linapiga nje, likifika kwenye mizizi ya mkoko iliyosimama juu ya tope limechoka. Tope linatulia, ardhi inainuka kidogo kidogo.

BintiWaPemba
Assalaam aleikum. Dada wa Kwale umenigusa. Sisi Pemba bahari imeingia bondeni. Bonde la mpunga alilolima nyanya yangu na mama yangu sasa likikauka utaona chumvi nyeupe juu ya udongo, na mpunga ukioteshwa unaungua ncha, unakufa. Pale mbele palikuwa na mikandaa na michu, yote ni aina za mikoko, ikakatwa kwa kuni na kwa kuchomea chokaa. Kuanzia hapo kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ikawa inapanda zaidi.

Nieleze tulivyokosea, maana kaka bondeni ameomba. Mara ya kwanza tulipanda miche elfu na kitu kwa siku moja. Wageni walikuja, picha zikapigwa, tukapewa fulana. Tuliipanda ufukweni penye mchanga, wimbi likipiga moja kwa moja, kwa sababu pale palikuwa karibu na njia ya gari. Baada ya miezi mitatu haukubaki hata mmoja. Nililia, wallahi, kwani mimi niliwashawishi kina mama waache chaza zao siku ile waje kupanda.

Mzee mmoja mvuvi akatwambia: mikoko haijawahi kuota pale tangu nizaliwe, mnailazimishia nini? Akatutembeza. Mkoko unataka tope na maji yanayoingia na kutoka. Mbele kabisa, panapokaa na maji muda mrefu, ni mahali pa mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa. Mchu unavumilia chumvi nyingi, utaukuta mpaka nyuma kabisa kwenye ardhi ngumu. Na penye mkondo ulioziba, usipande kitu kwanza. Zibua mkondo, maji yapite, mbegu zitakuja zenyewe na maji. Sehemu moja tulizibua tu kwa majembe, hatukuotesha hata mche mmoja, na leo pana msitu wa magotini.

MtotoWaBondeni
Dada BintiWaPemba, mbegu mnazichagua vipi? Huku kwetu mdomoni mwa mto, kule karibu na daraja la Salenda, mikoko ipo na inadondosha sana.

BintiWaPemba
Zile ndefu kama bilinganya nyembamba. Usizichume bichi. Tazama shingoni, ikishaota pete ya manjano imekomaa, ukiigusa inang'oka yenyewe. Chomeka theluthi yake kwenye tope, hatua moja baina ya mche na mche. Panda maji yakiwa mafu, yaani yanapopanda kidogo tu, ili zipate siku chache za kushika kabla bamvua halijarudi.

NgosaWaNgitili
Wakuu mnaongelea maji mengi, mimi kwetu maafa ni maji kutokuja. Natokea Shinyanga. Zamani misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, halafu ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikatafutwa. Nilipokuwa mtoto miaka ya 1980, upepo wa Septemba ulibeba vumbi mpaka taa zinawashwa mchana. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama kwenye udongo mtupu. Baba alibaki na ng'ombe wanne kati ya thelathini.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walileta miche ya kigeni kwenye vitalu, watu wakaipokea kwa heshima, ikafa kwa ukame. Mambo yalibadilika walipouliza wazee, na wazee wakajibu: ngitili. Ngitili haikuwa ngeni kwa Msukuma yeyote. Mvua zikianza unafunga kipande cha malisho, hakuna mnyama kuingia. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, unafungua kwa ndama, wagonjwa na ng'ombe wa maziwa. Ukifunga, visiki vya migunga vilivyo ardhini vinachipua bila kuotesha. Wakati HASHI inaanza ngitili zilizobaki zilikuwa karibu hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Na waliozilinda ni dagashida, baraza letu la kimila, na sungusungu, walinzi wa kijiji. Ukiingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzio unaitwa mbele ya watu, unatozwa. Karatasi ya wilayani peke yake isingeweza.

Ukame bado unakuja, nisidanganye. Mwaka mbaya tunauza ng'ombe, tunapunguza mlo. Lakini nyumba yenye ngitili inavuka ikiwa na mbegu ya mifugo, kuni, asali kidogo, dawa. Nimeishi yote mawili, najua tofauti.

Mlimani_Lushoto
Mimi kisa changu ni kifupi na kinaniuma. Shamba la baba lipo kwenye mteremko, Usambara. Yeye aliacha mistari ya majani ya guatemala kwenye kingo za matuta. Nilipolirithi nikaona yanakula nafasi ya kabichi, nikayang'oa. Ikaja El Niño ya 1997 kuingia 1998. Asubuhi moja nilikuta nusu ya shamba iko barabarani chini, na ukuta wa choo cha jirani umebebwa nayo. Hakuumia mtu. Nilikwenda kuomba radhi, akanipokea, lakini mpaka leo nikimwona naona aibu.

Nilirudisha. Kwa asiyejua: unatengeneza fremu ya A kwa fito tatu, unaning'iniza kamba yenye jiwe katikati, unapima usawa ukivuka mteremko, unapigilia vigingi. Hapo unachimba mtaro na udongo unaurusha juu, ndiyo maana tunaita fanya juu. Kwenye ukingo unapanda guatemala au mabingobingo, mizizi inashika udongo, majani unakatia ng'ombe. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilikuwa kali vilevile. Tuta moja lilikatika, mengine yote yalisimama.

KateshDaima
Ndugu zangu, naomba niseme taratibu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likapita Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa, shemeji yangu mmoja wao. Mlima ule una msitu wa hifadhi. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikameguka, na hakuna mti ambao ungeizuia. Naomba tusije tukamwambia mtu kwamba ukipanda miti uko salama kabisa. Kuna mahali jibu ni kutojenga kwenye njia ya korongo, na kuwahiwa na onyo.

MtotoWaBondeni
Pole sana ndugu KateshDaima. Mungu awape pumziko. Umesema jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye posti yangu ya kwanza.

NgosaWaNgitili
Pole mkuu. Ni kweli. Mti unapunguza, haufuti.

MamaBukavu
Nasoma ninyi kutoka Kongo, Bukavu. Poleni. Mei 2023 kwetu Kalehe, mito ilishuka na mawe ikafunika Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu 400 walikufa, na ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Milima iko wazi juu, miti ilikwenda makala. Lakini watu wanakata makala juu hawana kazi ingine, na vita iliwasukuma huko. Mimi na wamama wa kanisa tunapanda mianzi na matete kando ya mto, ni kidogo. Naomba kuuliza: mikaratusi ni mizuri? Wengi wanatupatia hiyo.

Mlimani_Lushoto
Mama, kwa nguzo na kuni sawa, panda juu mbali na maji. Karibu na chemchemi usipande. Kwetu chemchemi moja ilikauka baada ya mikaratusi kuizunguka. Kando ya mto mianzi yenu ni sahihi kabisa, endeleeni nayo.

RobekaEkari
Samahani, mimi nina swali la mtu mwenye shamba dogo. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni tusifanye shughuli. Shamba langu lote lina urefu wa mita 80. Nikiacha 60 nakula nini?

KusiniKwale
Swali lako ni la haki, na linakwepwa kwenye semina zote nilizohudhuria. Mipaka inachorwa, maskini ndiye anayeilipia. Sina jibu kamili.

Mlimani_Lushoto
Mimi ningeanzia hivi: usilime kwa jembe ukingoni. Weka majani ya kudumu, uliza ofisi ya kijiji kama wanaruhusu kukata ya mifugo bila kugusa udongo. Jirani yangu anauza mabingobingo kwa wafuga ng'ombe wa maziwa, kwa mafungu, na kiangazi bei inapanda. Haifikii kabichi, lakini kabichi ya ukingoni hubebwa na mto mwaka mmoja kati ya mitatu. Piga hesabu ya miaka mitatu, usipige ya msimu.

NahodhaMtwara
Salaam. Mmesahau matumbawe. Mimi ni mvuvi, baba yangu mvuvi. Baruti zilipigwa kwetu miaka mingi. Bomu moja unapata samaki wa nusu saa, na mwamba uliojijenga kabla babu hajazaliwa unageuka kokoto. Watu walihesabu samaki tu. Mimi nilianza kuona wimbi. Zamani lilivunjika nje, unasikia ngurumo mbali, ndani ng'alawa zimetulia. Mwamba ulipovunjika, wimbi likawa linavunjikia kwenye bandari ya ng'alawa zenyewe. Wataalamu waliokusanya tafiti za sehemu nyingi duniani walichapisha mwaka 2014 kwamba mwamba wa matumbawe hupunguza kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya wimbi. Niliposoma nilimwonyesha baba. Akasema, sisi tuliita ukuta wa Mungu, hatukuhitaji namba.

Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 tulivuta ng'alawa zote juu kwenye minazi. Upande ambao mwamba ungali mzima maji hayakufika kwenye minazi. Upande wa kokoto yalifika.

MtotoWaBondeni
Nimesoma zote mara mbili. Bonde letu sasa nyumba nyingi zimebomolewa, na kuna mpango mkubwa wa kulirudishia mto nafasi yake. Jumamosi nilikwenda kusimama pale palipokuwa chumba cha wapangaji. Matete yameshaanza kurudi bila mtu kuyapanda, yananifika kiunoni. Dada BintiWaPemba, ile miche yenu ya awamu ya pili imefikia wapi?

BintiWaPemba
Nimetoka kuhesabu juzi, baada ya bamvua. Safu ya kwanza tulichomeka 60, zimesimama 41, nyingi zina majani manne. Safu ya nyuma kaa wamekula, tutarudia maji yakifa. Na kwenye bonde la mama, kule juu kabisa, mwaka huu tumejaribu majaruba mawili ya mpunga. Bado haujachanua.