Kuhamishia mashine ya kufulia besmenti: maji yatoke vipi, na bomba la hewa ni lazima kweli?

BabaNeema
Habari zenu wakuu. Nipo Minnesota, nyumba yenyewe ya 1962. Mashine ya kufulia iko juu karibu na jiko, waifu anataka tuishushe besmenti (chumba cha chini ya nyumba) pamoja na sinki la kufulia kwa mkono, watoto wanne nguo haziishi. Shida ni kwamba kwenye kona tunayoitaka hakuna bomba la maji machafu. Bomba kuu linashuka upande wa pili na kuzama sakafuni, nimepima ni futi 14 kutoka hapo. Nina mawazo mawili, la kwanza nitumbukize mpira wa mashine kwenye lile shimo lenye pampu ya maji ya ardhini maana liko hapo hapo futi 3 tu, la pili nipasue zege nilaze bomba. Sasa jamaa mmoja aliyekuja kunipa bei kasema bomba la hewa si lazima, eti ni kutupa hela. Nikamuuliza mbona la bafuni limetokeza mpaka paani, hakuwa na jibu la maana. Nisaidieni, sitaki kuvunja zege mara mbili.

FundiWaKisii
Kaka hilo shimo liache kabisa. Lile ni la maji ya mvua na ya ardhini, pampu yake inayatupa nje uani. Ukiingiza sabuni na nyuzi za nguo utakuwa unamwaga maji machafu nje, na hairuhusiwi.

Bomba la hewa ni lazima, huyo jamaa asikudanganye. Unakumbuka kumimina maji kwenye dumu la lita 20, linavyogugumia glu glu glu? Ukilitoboa tundu dogo kwa juu maji yanatoka laini kabisa. Ndiyo hiyo hiyo. Mashine inasukuma maji kwa nguvu, yakishuka yanavuta hewa nyuma yake, yakiikosa yanafyonza yale maji yaliyokaa kwenye trapu, lile pindo la herufi U. Trapu ikikauka hakuna kinachozuia gesi ya maji taka kuingia ndani mnapolala.

Vipimo vya huku kwetu Minnesota: bomba la wima linalopokea mpira liwe inchi 2, lisimame inchi 18 hadi 30 juu ya trapu, na trapu yenyewe ikae inchi 6 hadi 18 kutoka sakafuni, usiifukie chini ya zege. Kutoka trapu mpaka bomba la hewa isizidi futi 5. La hewa lipande wima, usilikunje kulala kabla halijapita inchi 6 juu ya ukingo wa sinki, kwa hiyo sinki la inchi 36 maana yake unaanza kukunja kwenye inchi 42. Na usilichomeke popote tu kwenye bomba kuu kwa sababu limepita karibu, hilo linashusha maji ya bafu la juu! Liungane na bomba la hewa la zamani, juu ya usawa wa masinki, vyoo na mabafu yote ya ghorofani, au litoke paani lenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Mteremko ni robo inchi kwa kila futi, futi 14 ni inchi 3 na nusu. Sasa kabla hujakodi mashine ya kukata zege fungua kile kifuniko cha kuzibulia pale chini ya bomba kuu upime kina. Hicho kipimo ndicho kitakachoamua kama maji yatashuka yenyewe au utahitaji pampu.

MamaZuhura
Mimi niko Kanada, kwangu bomba kuu linatokea ukutani juu ya sakafu, maji hayawezi kupanda yenyewe, ikabidi tuchimbe tuweke pipa lenye pampu. Fundi wa kwanza akaliwekea kifuniko kimelegea na bila bomba lake la hewa. Harufu iliyokuwa mle ndani jamani, mwezi mzima nafua huku nimefungua madirisha na nje ni theluji. Wa pili akafunga kifuniko na mpira wake, akapandisha bomba la hewa, akaweka na valvu ya kuzuia maji yasirudi pipani pampu ikizima. Harufu ikaisha siku hiyo hiyo. Halafu mashine ya kukaushia nguo isisahaulike, hewa yake ya moto itoke nje kwa bomba la chuma la inchi 4 peke yake, haichanganywi na haya mambo ya maji taka.

BabaNeema
Nashukuru sana dada, na wewe fundi. Nimefungua leo, chini ya bomba kuu ni inchi 16 kutoka usawa wa sakafu.

FundiWaKisii
Safi, ukitoa zile inchi 3 na nusu za mteremko kona yako bado ina inchi 12 na nusu, huhitaji pampu. Chini ya zege mimi ningelaza bomba la inchi 3, kuchimba ni kule kule. Pale unapoungana na la zamani tumia kiungo cha herufi Y, tii (kiungo cha herufi T) iliyolazwa itakuzibia kila mwaka. Chukua kibali, na usimwage zege mpaka mkaguzi ameona mabomba yakiwa wazi na yamejaribiwa. Ukishafukia, zile nyufa za pembeni ziba vizuri, Minnesota radoni, ile gesi ya mionzi isiyo na harufu, ipo nyingi ardhini.