Tuliyempa kazi ya kubadilisha herufi amekata majina ya wakulima wetu!

Wakuu, nimekesha siku mbili kwa uzembe wa mtu, leo acheni niseme.

Chama chetu cha wakulima wa pamba huku Usukumani kina daftari la wanachama la tangu enzi za kompyuta za zamani, herufi zake ni Windows-1252, mfumo wa zamani unaoweka kila herufi kwa baiti moja, yaani kijisehemu kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta. Tukamlipa fundi alihamishie kwenye UTF-8, mfumo wa kisasa ambao herufi moja huweza kula baiti kadhaa. Akaleta kazi, akachukua chake, akapotea. Msimu wa malipo umefika, mzee mmoja, tumwite Ng’wandu, anaambiwa hayumo. Aliyemo ni Ng’wan. Ndiye nani huyo?

Nikafungua msimbo wa programu yake. Jamani! Jamaa anapima urefu wa jina, anatenga bafa ya kutolea (nafasi ya kumbukumbu ya kuweka matokeo) ya urefu uleule, anaita iconv, kitendaji cha kubadilisha herufi, mara moja, kamaliza. Jibu lake hata haliangalii. Sasa hesabuni: Ng’wandu kwenye faili la zamani ni baiti 8, maana ile koma ya juu iliyopinda ni baiti moja, 0x92. Kwenye UTF-8 koma hiyohiyo ni tatu: E2 80 99. Jina linataka baiti 10, yeye katenga 8. iconv inaandika hadi “Ng’wan”, inasimama, inarudisha -1 na kosa E2BIG, yaani nafasi imejaa, niongezee. Inakuachia mpaka hesabu ya zilizobaki: baiti 2. Inapiga kelele, hakuna anayeisikiliza.

Kilichonichelewesha ni kwamba majina yaliyopigwa kwa koma iliyonyooka yamepita salama. Yaliyonakiliwa kutoka Word, ambayo huipindisha yenyewe, ndiyo yaliyokatwa. Basi nikawa namshuku karani wa watu bure.

Nikampigia fundi. “Kaka, weka bafa ya 256, kwisha.” Haya, tazama ripoti sasa. Printa yetu kuukuu inataka Windows-1252, kwa hiyo anasoma UTF-8 kwa mikupuo ya baiti 4096 na kuigeuza. Koma ikiangukia mpakani, E2 inabaki mkupuo huu, 80 99 zinakuja na ujao. iconv inasema EINVAL: herufi haijatimia. Dawa ni kuyasogeza mabaki mwanzoni mwa bafa na kusomea nyuma yake. Yeye anayatupa! Hiyo 256 inasaidia nini hapo?

Na asije mtu kuniambia ni vibaiti tu. Mwaka 2024 iconv ya glibc yenyewe (maktaba ya msingi ya Linux) ilikutwa na tundu la usalama, CVE-2024-2961: kwenye ISO-2022-CN-EXT, mfumo wa herufi za Kichina, iliweza kuandika hadi baiti 4 kupita mwisho wa bafa, na ikaonyeshwa jinsi ya kuvamia PHP, lugha ya kuendeshea tovuti, kupitia hapohapo. Baiti nne, wakuu.

Nimeandika upya mwenyewe. Bafa ya kutolea ni mara tatu ya inayoingia, kwani hakuna herufi ya Windows-1252 inayozidi baiti tatu kwenye UTF-8. E2BIG ikija hata hivyo, natanua na kuendelea ilipoishia. Baiti mbovu inaandikwa kwenye logi (faili la kumbukumbu za matukio) pamoja na namba ya mstari, hairukwi kimyakimya.

Fundi nilipomweleza, unajua kanijibu nini? “Waambie makarani waache hiyo koma, waandike Ngwandu.” Mwanangu wa darasa la tatu akiandika “ngombe” anakoseshwa!