Kamiyo (lori) ikikugonga, unamdai nani: shofere, mwenye kamiyo au mwenye mzigo?

MwanaKatuba
Jambo yenu wote. Naleta swali ambalo limetugawa hapa nyumbani wiki tatu sasa, bukari (ugali) inapoa mezani tukibishana.

Mwaka 2017 taksi ilimgonga mama yangu hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, akavunjika mkono. Jioni ileile mwenye taksi alikuja na mjomba wake, wakakaa uani, wakalipa hospitali na pesa ya miezi miwili ambayo mama asingeweza kuuza sokoni. Karatasi moja, sahihi tatu, kwisha.

Mwaka huu kamiyo imemgonga binamu yangu, manseba (dereva wa pikipiki ya abiria), kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mguu umekatwa chini ya goti. Kichwa cha kamiyo kina namba ya Zambia. Remorque, yaani trela, ina namba nyingine kabisa, na binamu anakumbuka herufi mbili za mwisho tu: GP. Shofere kaajiriwa na mtu aliyekikodi kichwa. Mzigo ni shaba ya mgodi. Kila tunayempigia simu anatutuma kwa mwenzake. Juzi mmoja wao kaja na bahasha, dola 800, na karatasi yenye sentensi moja: "hatutadai tena".

Mjomba anasema tupokee. Mimi nakataa, na naongeza: mwenye mzigo naye alipe. Ndiye anayetaka shaba ifike bandarini haraka.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Watu waliokusanyika pale walipiga picha uso wa shofere, picha nyingi sana. Remorque kwa nyuma hakuna aliyeipiga.

Mama Ndizi
Mwana, ile bahasha mupokee. Bwana yangu kamiyo ilimugonga ku barabara ya Likasi. Avoka, wakili yetu, alisema tungoje, tutapata mingi. Tulingoja. Unafika tribunal, ile mahakama, unaambiwa juge haiko. Unarudia, avoka ya ule mwingine anaomba remise, kesi isogezwe. Transport ilikula mupaka pesa ya mihogo yangu yote. Dola 800 iko mu mukono inanunua dawa leo. Ile ya kesho hainunue kitu.

Avoka Mdogo
Mama, pole sana. Lakini tusichanganye vitu viwili. Kupokea pesa ya hospitali si kosa, kosa ni kusaini ile sentensi. Pokeeni, muandike "pesa ya matibabu, hesabu haijafungwa", naye asaini.

Sasa kuhusu nani. Kanuni yetu ya madai, kitabu cha tatu, kifungu cha 258 kinasema aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe. Kwa taksi hicho kinatosha, maana mwenye kosa na mwenye gari ni mtu mmoja, au wanalala nyumba moja. Kwa kamiyo hamieni kifungu cha 260: bwana anajibu kwa aliyemtuma kazini, na kila mtu anajibu kwa kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Hapo ndipo vita inaanza. Siku ile, kamiyo ilikuwa chini ya ulinzi wa nani? Mwenye kichwa atasema amekodisha. Aliyekodi atasema remorque si yake. Bila mkataba wa kukodi na barua ya mzigo mkononi, mtaimba tu.

Bima nayo. Kwetu bima ya gari kwa madhara ya watu wengine ni lazima tangu sheria ya Januari 1973, kwa taksi na kwa kamiyo. Kichwa cha Zambia kinapaswa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa kwenye nchi za mpango huo, na ikiwepo unadai hapahapa Kongo, kwa sheria ya hapa, huna haja ya kufuata mtu Lusaka. Lakini GP ni namba ya Gauteng, Afrika Kusini, na nchi hiyo haimo kwenye mpango wa kadi. Kwa hiyo ulizeni mapema: kadi ya kichwa inafunika remorque, au remorque ilinunuliwa bima yake mpakani?

Mwenye mzigo ni mgumu. Lazima uonyeshe kosa lake mwenyewe, kwa mfano kwamba alipakia kupita kiasi, au alitaka saa ambazo binadamu hawezi.

Shofere wa Remorque
Niko ku usukani miaka kumi na tisa, naomba nisikilizwe bila matusi.

Kasumbalesa unapanga foleni siku tatu, unalala chini ya remorque na mbu wako. Ukifunguliwa, bosi anapiga simu kila saa. Nyuma una tani thelathini za shaba, sahani zilizofungwa mikanda. Zikifungwa vibaya, unakanyaga breki nazo zinakuja mbele. Manseba anajipenyeza kati yangu na ukingo nikikata kona. Kule kioo hakifiki, simwoni, naapa. Na baada ya ajali nakimbilia polisi kwa miguu. Si kwamba nina hatia: nikibaki, wananichoma.

Juu ya mwenye mzigo nasema hapana. Siku mwenye shaba ataanza kulipa, mwenye kamiyo hatanunua tena breki. Atasema mgodi utalipa.

MwanaKatuba
Mukubwa, mimi naigeuza. Siku mgodi utaanza kulipa, utauliza breki kabla ya kukupakia. Na kukunyima saa za kulala itakuwa hasara kwao pia.

Halafu kumbukeni Februari 2019, barabara ya Kolwezi: kamiyo ya asidi na basi, watu kama ishirini walikufa. Wengine hawakuuawa na mgongano, asidi yenyewe ndiyo iliyowachoma. Taksi inabeba nini cha kuchoma watu? Mzigo ukishaua, mwenye mzigo anakuwaje mgeni kwenye kesi?

Yaya wa Dallas
Wadogo zangu, naendesha lori huku Texas. Huku tofauti hiyo imeandikwa kwa tarakimu. Gari dogo, bima ya lazima ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia. Lori kubwa la bidhaa za kawaida linalovuka majimbo ni 750,000, na kwa kemikali kali zaidi inafika milioni 5. Msishangilie sana, ile 750,000 imekaa palepale tangu miaka ya 1980.

Naruhusiwa kuendesha kwa muda wa saa 11, kisha napumzika kwa muda wa saa 10, na tangu Desemba 2017 chombo cha elektroniki ndicho kinachohesabu. Tajiri analazimika kuhifadhi rekodi hizo miezi 6 tu. Ndiyo maana wakili wa ajali ya lori, kabla hajafanya lolote, anaandika barua: msifute kitu. Kwa gari dogo hana cha kuzuia namna hiyo.

Mama Ndizi
Yaya, na huku chombo ni gani? Kalamu ya roulage, polisi ya barabara?

Avoka Mdogo
Mama umenichekesha, lakini vipo. Tikiti ya péage, kituo cha kulipia barabara, ina saa. Mzani una tani. Mpakani kuna muhuri wa tarehe. Ukiweka tikiti mbili pamoja unajua shofere alilala au hakulala. Ombeni parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka) izitafute sasa, pamoja na PV (ripoti ya polisi). Na daktari aandike cheti kinachosema mguu umekatwa wapi na kazi gani hawezi tena. Kwa manseba, mguu ndio duka.

Shofere wa Remorque
Hilo la tikiti nakubali. Tena zitaniokoa mimi pia, zionyeshe nani alinikataza kulala.

MwanaKatuba
Nimerudi. Mjomba amepokea bahasha, sikuwepo ilipofunguliwa. Nimewakuta kwenye karatasi. Tumebishana karibu saa nzima juu ya neno "haijafungwa". Bosi aliyeleta bahasha amekataa kuliandika. Amekubali "pesa ya matibabu", akasaini. Avoka, hiyo inatosha?

Avoka Mdogo
Ile sentensi ya "hatutadai tena" bado ipo?

MwanaKatuba
Imepigwa mstari kwa kalamu. Mjomba kasaini kando ya mstari.

Avoka Mdogo
Na bosi?

MwanaKatuba
Hapana. Pale hakusaini.

Avoka Mdogo
Yuko wapi?

MwanaKatuba
Anawasha gari.

Avoka Mdogo
Kimbia na kalamu.